Kupima Pasipo Kuuliza

Katika baadhi ya wodi za wagonjwa wa akili nchini mwetu imeingia desturi ambayo nataka kuipinga. Mgonjwa apokelewapo, karatasi hutolewa na kuwekwa mezani. Juu yake yamepangwa maswali kwa Kiingereza, na mbele ya kila swali kuna kijisanduku. Mwuguzi hutia alama, hujumlisha, na jumla hiyo huandikwa katika jalada kwa maneno matatu au mawili: hatari ndogo, hatari ya kadiri, hatari kubwa. Hatari yenyewe ni kwamba mtu huyu aweza kujiua. Baada ya hapo karatasi hufungwa pamoja na nyinginezo, na kila mmoja, kuanzia mwuguzi mpaka mganga mkuu, huenda zake akiamini kuwa kuna kitu kilichopimwa. Nadai kuwa aghalabu hakuna kilichopimwa, kwa sababu hakuna kilichoulizwa.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na shahada yangu ya uzamivu ni ya sarufi. Yamkini yuko atakayesema kuwa seremala amevamia jiko la mpishi. Namwomba afikiri kidogo. Homa hupimwa kwa kipimajoto, damu huangaliwa kwa darubini, na kifua hupigwa picha. Nia ya mtu kujiua haionekani kwa kioo chochote. Kipimo chake ni maneno: maneno ya anayeuliza, na maneno ya anayejibu. Mahali ambapo kipimo ni maneno, mwalimu wa lugha si mvamizi hata kidogo. Kosa lake ni kuwa amechelewa kufika.

Tena nimechelewa kwa aibu, na aibu hiyo yanipasa niieleze kabla sijamlaumu mtu mwingine.

Kwetu ni Rubwera, katika nchi ya migomba na mibuni ambayo zamani yote iliitwa Karagwe, na ambayo sehemu yake ya kaskazini ilitengwa mwaka 2012 ikawa wilaya ya Kyerwa. Ng'ambo ya mto Kagera ni Uganda na Rwanda. Lugha ya nyumbani ni Runyambo. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya serikali. Shangazi yangu, dada wa baba, hakwenda shule. Kiswahili chake chamtosha kuuza kahawa na kusalimia wageni, hakimtoshi kulia. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kufiwa mara mbili katika mwaka mmoja, aliacha kula, akaacha kulala, na siku moja majirani wakamwahi akiwa amejaribu kuuondoa uhai wake. Alipelekwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Alipofika, kabla ya kuandikiwa kitanda, ilitakiwa fomu ya polisi, ile ambayo kila mtu nchini huijua kwa jina la PF3. Askari akaja, akaandika maelezo, akaketi kwenye benchi karibu na mlango.

Mwuguzi alikuwa kijana mwema kutoka mkoa wa mbali. Hakujua Runyambo. Aliishika karatasi yake ya Kiingereza, akanitazama mimi mwenye tai, akafurahi kupata mkalimani. Swali la kwanza akalifasiri kwa Kiswahili ili nami nilifasiri kwa Runyambo: je, mama huyu bado ana mawazo ya kujiua?

Msomaji aliyelelewa katika nchi zetu atatambua mara moja jinsi nilivyobanwa. Shangazi kwetu ni baba aliye mwanamke. Mbele yake mtoto wa kaka yake hushusha sauti. Hata kifo cha jirani hamtajii kwa jina lake, hukizungukia. Nami nilitakiwa nimtazame usoni nimwulize kama angali anataka kujiua. Sikumwuliza. Nilimwuliza kwa Runyambo kama amechoka. Akasema, "Nimechoka, mwanangu." Nikamgeukia mwuguzi nikasema, "Hapana, anasema amechoka tu." Mwuguzi akatia alama. Maswali mengine yalikwenda vivyo hivyo, mimi nikiyavika kanzu kila moja, na mwishowe ikaandikwa kuwa hatari ni ndogo. Baada ya siku chache akaruhusiwa. Majuma matatu hayakutimia, majirani wakamwahi tena.

Aliokoka, Mungu na ashukuriwe, na yu hai hata leo. Nilipomwendea nikiwa nalia, nikamwambia, "Shangazi, mbona hukutuambia?" Alinijibu pasipo hasira, "Mwanangu, wewe hukuniuliza."

Basi nisemayo hapa siyasemi kwa kuwanyoshea wauguzi kidole. Mkalimani mwongo nilikuwa mimi, mwenye shahada tatu za lugha. Lakini naona pia kuwa karatasi ile ilikubali uwongo wangu kwa urahisi wa ajabu. Haikuwa na mahali pa kuandika kuwa jibu limepita midomo miwili, wala kuwa askari alikuwa ameketi mlangoni, wala kuwa mwulizaji alikuwa mtoto wa kaka. Ilitaka ndiyo au hapana. Ikapewa hapana, ikaridhika.

Tuliache jambo la Runyambo kwa muda, tumchukue mgonjwa ajuaye Kiswahili barabara. Je, kwake mambo ni mepesi? Katika dodoso linalotumika sana ulimwenguni kupima sonona, lile la maswali tisa ambalo limefasiriwa na kujaribiwa kwa Kiswahili huku Afrika ya Mashariki, swali la mwisho limeunganisha mambo mawili: kufikiri kuwa ni afadhali kufa, na kufikiri kujidhuru. Anayekubali moja na anayekubali jingine hupewa alama ile ile. Sasa mwulize mwanafunzi yeyote wa sarufi kama "heri nife" na "nijiue" ni kitu kimoja. Katika "heri nife" msemaji ni mtendwa; anakingoja kifo kama mtu angojavyo mvua. Bibi kizee aweza kuyasema maneno hayo kila jioni akishika kiuno, kisha akapanda viazi vya msimu ujao. Akisema "Mungu anichukue," mwenye kutenda ni Mungu. Lakini kile kiambishi kidogo -ji- kikiingia katika kitenzi, mtenda na mtendwa wamekuwa mtu mmoja, na hapo mwenye masikio yampasa kuacha kalamu na kusogeza kiti.

Tazama tena nyakati. "Ningekufa" si "nitakufa." "Ningalikufa siku ile" ni neno la mtu anayetazama nyuma, pengine kwa majuto kuwa hakufa, pengine kwa shukrani kuwa aliokoka, sauti ndiyo itakayotuambia, na sauti haiingii kijisandukuni. "Nimekwisha kufa zamani" husemwa na mtu aliyekata tamaa kiasi cha kutouona tena mpaka kati ya walio hai na waliokufa. Na wako wasiotaja kifo kabisa. Husema, "Naomba mniangalizie watoto." Husema, "Ile shamba ya chini mpeni Fulani." Husema, "Msinisubiri." Nimewasikiliza watu wa kwetu miaka mingi, naamini kuwa hatari kubwa hujificha zaidi katika maneno ya kuaga kuliko katika maneno ya kulalamika. Karatasi huhesabu malalamiko.

Najua nitajibiwa kuwa haya ni maneno ya mtu wa fasihi, na kwamba karatasi hizo zimethibitishwa na wataalamu wa nchi zenye sayansi. Vema, twende kwa wataalamu hao wenyewe. Mwaka 1983 daktari Alex Pokorny alitangaza matokeo ya uchunguzi alioufanya katika hospitali ya askari wastaafu huko Houston, Marekani. Alichukua wagonjwa 4,800 waliolazwa katika wodi za akili, akawapima kwa vipimo karibu vyote vilivyosifiwa wakati ule, kisha akawafuatia kwa kadiri ya miaka mitano. Katika muda huo 67 walijiua. Alipojaribu kwa hesabu kuwatambua, njia yake iliwapata takriban nusu yao tu. Na pamoja na hao iliwanyoshea kidole watu zaidi ya 1,000 ambao hawakujiua. Pokorny alikuwa mtu mkweli. Aliandika wazi kuwa kumtabiri mgonjwa mmoja mmoja hakuwezekani kwa vipimo vilivyokuwapo. Tangu hapo vipimo vimeongezeka na hesabu zimekuwa za mashine, walakini jawabu halikubadilika sana: sehemu kubwa ya wanaojiua baada ya kutoka hospitalini ni wale walioandikiwa kuwa hatari yao ni ndogo. Sababu yake si fumbo. Jambo lenyewe ni adimu, na wanaofanana na wenye hatari ni wengi mno.

Uingereza, ambako twapenda kuiga, taasisi yao iitwayo NICE ilitoa mwongozo mwaka 2022 ikawaagiza matabibu wasitumie vipimo vya alama kutabiri nani atajiua, wala kuamua kwa alama hizo nani atibiwe na nani aruhusiwe kwenda zake. Ni kichekesho cha huzuni kuona kuwa tunakitia makabatini mwetu kitu ambacho wenyewe wanakitoa.

Hapa namsikia mwuguzi mmoja akinung'unika, na manung'uniko yake yana haki. Asema: wewe mwalimu waja na sarufi yako, mimi nina wagonjwa wengi na mikono miwili, karatasi hunikumbusha la kuuliza, na siku mgonjwa akifa hunilinda mbele ya tume. Kwa sehemu ya kwanza nakubaliana naye. Orodha ya kukumbusha ni kitu chema, nami ningeipenda, ilimradi iwe ya kuanzisha mazungumzo na si ya kuyafunga. Sehemu ya pili ndiyo inayonitisha. Karatasi inayojazwa ili kumlinda mwenye kujaza haimhusu tena mgonjwa. Imekuwa hati ya utetezi iliyoandikwa kabla ya msiba. Siwalaumu wanaojilinda. Nawalaumu wakuu waliowafanya wahisi kuwa ulinzi wao uko katika alama.

Upungufu wa watu haukuanza leo. Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1904 chini ya wamisionari wa Kijerumani. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927 wakati wa Waingereza. Kwa mtu wa Rubwera zote mbili ni safari. Atokaye Mirembe apita Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo kabla hajaona kilima cha kwao. Nalitaja hili kwa sababu moja. Katika maarifa machache yaliyo imara juu ya jambo hili, limo hili: siku za kwanza baada ya kulazwa, na zaidi majuma ya kwanza baada ya kuruhusiwa, ndizo za hatari kuu. Yaani mgonjwa wetu yumo katika hatari yake kubwa akiwa ndani ya basi, au amefika nyumbani ambako hakuna aliyemngoja kwa habari yoyote, na karatasi yake imebaki Dodoma.

Swali hili limekwepwa muda mrefu, na wako waliolikwepa kwa kitabu. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1953. Alishikilia kuwa sonona kwa Waafrika ni nadra, na kujiua vivyo hivyo. Mnigeria T. A. Lambo wa hospitali ya Aro huko Abeokuta alizipinga hoja zake. Naye Margaret Field, aliyekaa penye mahekalu ya waganga wa Ghana, alionyesha mwaka 1960 kuwa wanawake wengi waliokuja kujishtaki kwa uchawi walikuwa wagonjwa wa sonona hasa. Mwaka huo huo kilitoka kitabu kilichokusanywa na Paul Bohannan juu ya kuua na kujiua katika Afrika, na humo zimo habari za Wasoga, Wagisu, Waluo na Wanyoro. Hao Wanyoro lugha yao na yetu ya Karagwe ni ndugu wa karibu. Kwa hiyo lililosemwa halipo lilikuwapo jirani kabisa, likijulikana na kila mzee aliyepata kuzuia matanga yasifanywe kwa ajili ya marehemu wa namna hiyo. Carothers amekwisha kukosolewa vya kutosha. Linalonisikitisha ni kuwa sisi wenyewe, kwa adabu zetu, tungali tunaitetea hoja yake kila tunapokataa kulitamka neno.

Nimerudi kwa askari wa mlangoni. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kanuni hiyo tuliirithi kwa Waingereza, nao Waingereza wenyewe walikifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi tukabaki nalo. Huko Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria yao, kilicho ndugu wa kifungu chetu, kinapingana na katiba. Ghana walilifuta kosa lao mwaka 2023. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yataka mgonjwa atibiwe; Kanuni ya Adhabu yataka ashtakiwe. Wasemao kuwa mashtaka yenyewe ni machache hawajakaa kwenye benchi lile. Shauri la shangazi halikufika mahakamani. Lakini siku ile swali la mwuguzi na swali la askari lilikuwa swali moja, na jibu la kweli kwa mmoja lilikuwa ungamo kwa mwingine. Chini ya masharti hayo, nani atapima nini? Kila alama ya hapana iandikwayo katika hospitali zetu inapaswa kusomwa pamoja na kifungu cha 217, maana huenda ni hapana ya mtu anayeogopa kifungo.

Wapo waheshimiwa wanaohofu kuwa kukifuta kifungu kutawafungulia watu mlango. Na wapo, hata miongoni mwa walimu wenzangu, wanaohofu vivyo hivyo kuwa kulitamka swali kutampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu ya pili imechunguzwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na haikuthibitishwa. Aulizwaye kwa upole aghalabu hupata nafuu ya kuwa hayuko peke yake na jambo lile. Hofu ya kwanza naiona kuwa binti wa hofu ya pili.

Nataka nini basi? Nataka karatasi ishushwe cheo, swali lipandishwe. Nataka maswali yaandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na Waswahili wakae pamoja na matabibu, na mahali kama Karagwe na Kyerwa yaandikwe pia kwa Runyambo na watu wa huko. Nataka jamaa wa mgonjwa asifanywe mkalimani wa swali hili kamwe. Nataka mgonjwa aulizwe faraghani, askari akiwa nje ya lango. Hapa idara zetu za Kiswahili hazina pa kujificha. Tumesanifu istilahi kwa bidii. Kamusi ya Tiba ilitolewa na TUKI mwaka 2003, na kwa majina ya magonjwa na viungo ni hazina. Ila kamusi haimfundishi mtu namna ya kumwuliza mama wa miaka sitini kama anataka kufa. Hiyo ni kazi ya watu waliojifunza jinsi watu wanavyosema, nasi ndio tulioajiriwa kwa kazi hiyo, tukatumia miaka tukibishana juu ya ngeli. (Nami nimebishana sana.)

Na yule ambaye alama haziwezi kumtabiri aweza kufuatwa. Huko San Francisco, tangu mwaka 1969, daktari Jerome Motto aliwachukua wagonjwa 843 waliotoka hospitalini wakakataa kuendelea na tiba. Nusu yao akawa anawaandikia barua fupi kwa miaka mitano: tunakukumbuka, twatumaini u mzima, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Hakudai kitu. Nusu ya pili hakuwaandikia. Katika miaka miwili ya kwanza waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko wenzao. Tena mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Ulimwenguni katika nchi tano, zikiwamo India, Sri Lanka na Brazili, juu ya watu 1,867 waliojaribu kujiua. Waliopewa mazungumzo ya kadiri ya saa moja kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara kwa mara kwa miezi 18 waliojiua walikuwa 0.2 katika kila mia; waliopewa matunzo ya kawaida, 2.2 katika kila mia. Sijui dawa ya kabati iliyo rahisi kiasi hicho. Gharama yake ni salamu, na salamu kwetu si bidhaa ya kuagiza ng'ambo.

Shangazi alipata salamu hiyo kwa bahati, si kwa mpango. Katika zahanati iliyo karibu na kwao alihamishiwa mwuguzi, mwanamke mzaliwa wa Karagwe, ambaye hupita nyumbani siku ya gulio akienda au akirudi. Hana karatasi. Humwamkia, humwuliza habari za migomba, kisha humwuliza lile swali nililoliogopa, kwa Runyambo, kwa neno lake hasa, bila kulizungusha. Nilikuwapo likizo iliyopita nikamsikia. Nilitazama chini. Shangazi hakutazama chini. Alisema, "Leo sitaki. Juzi usiku nilitaka." Mwuguzi akaweka kikapu chake chini, akaomba kigoda.